Kabla ya kuuliza bei ya mbuga, uliza maji yako wapi

Watu wa Dodoma tukipanga safari ya kwenda kuona wanyama, mazungumzo huanzia Serengeti na kuishia kwenye bei. Mmoja atasema Ngorongoro haishikiki. Mwingine atasema alizunguka Mikumi kutwa nzima akaambulia nyani na swala. Wa tatu atasimulia alivyokwenda Tarangire mwezi wa nne, akarudi na picha za mibuyu na alama za kuumwa na mbung'o. Wote wanaweza kuwa wakweli, na msikilizaji bado asijue aende wapi.

Kuna mambo mawili yanayotangulia bei, na mengi yanayowachanganya wasafiri hutokana na kuyaruka. La kwanza ni eneo lenyewe: linasimamiwa na nani, na sheria yake inaruhusu nini. La pili ni mahali wanyama walipo mwezi huo unaotaka kwenda, na hilo huamuliwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Ukishayajua hayo mawili, bei inaanza kueleweka.

Na sisi wa kanda ya kati tuna sababu ya kuyajua kuliko wengine. Tumezoea kuambiwa kwamba Dodoma na Singida ni njia ya kupita, kwamba utalii uko Arusha na sasa unafunguliwa Iringa. Lakini Mto Tarangire, unaowanywesha tembo wa kaskazini wakati wa kiangazi, unaanzia nyanda za juu za Kondoa. Mto Kizigo unateremka kutoka upande wa Manyoni hadi Bwawa la Mtera, yanapofika pia maji ya Ruaha Mkuu baada ya kupita hifadhini. Mvua inayonyesha huku kwetu, na mti unaokatwa huku kwetu, vinagusa hifadhi za pande zote mbili.

Eneo ni la nani

Kwenye mazungumzo kila kitu ni mbuga. Kwenye sheria sivyo, na tofauti hiyo inamgusa msafiri moja kwa moja.

Hifadhi ya Taifa, kama Tarangire, Ruaha, Mikumi au Serengeti, iko chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa lililoanzishwa 1959 na lenye makao makuu Arusha. Humo mgeni anaingia kuangalia, kupiga picha na kulala kwenye kambi au hoteli zilizoruhusiwa. Hakuna kuwinda, kulima, kuchunga wala kuishi kijijini ndani yake. Ngorongoro ina mamlaka yake peke yake, na tangu ilipotengwa na Serengeti mwaka huohuo wa 1959 sheria yake ilikusudia wafugaji na wanyamapori watumie ardhi moja. Ndiyo maana migogoro ya Ngorongoro haifanani na ya Serengeti hata kama mpaka wao ni mmoja.

Pori la Akiba ni jambo jingine. Mapori haya yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, makao makuu yake Morogoro, na ndani yake uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni, kwenye vitalu vinavyotolewa na serikali. Kanda yetu ina mapori kadhaa. Upande wa Kondoa na Chemba kuna Swagaswaga, na kaskazini zaidi, jirani kabisa na Tarangire, kuna Mkungunero. Wilayani Manyoni kuna Rungwa, Kizigo na Muhesi, yaliyoungana na Hifadhi ya Ruaha bila uzio wowote. Tembo anayevuka kutoka Ruaha kuingia Rungwa haoni kilichobadilika. Kwa binadamu sheria imebadilika, taasisi imebadilika, na kibali ulichokata langoni hakikusaidii tena.

Halafu kuna Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, ambazo wengi huziita WMA. Hapa vijiji vyenyewe vinatenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, vinaingia mikataba na wawekezaji wa kambi au uwindaji, na mapato yanagawanywa kati ya serikali, jumuiya na vijiji. Kanuni zake za mwanzo ni za 2002. Burunge, kati ya Tarangire na Manyara, ni mfano unaojulikana. Upande wa Iringa kuna MBOMIPA ya vijiji vya Idodi na Pawaga, pembeni mwa Ruaha. Kambi za maeneo haya mara nyingi huwa na nafasi ya kutembea kwa miguu na kuzunguka usiku, mambo ambayo hifadhini yana masharti mazito zaidi.

Ramani za zamani nazo hupoteza watu, kwa sababu hadhi ya eneo hubadilika. Pori la Akiba la Usangu liliingizwa ndani ya Ruaha mwaka 2008, na hifadhi hiyo ikawa kubwa kuliko zote nchini, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ikachukua nafasi hiyo. Kwa hiyo mtu akikupa maelekezo ya safari yake ya miaka kumi na tano iliyopita, msikilize kwa heshima, kisha hakikisha upya.

Suala la uwindaji linastahili maneno zaidi, kwa sababu watu wengi wakilisikia hukasirika na kuacha kusikiliza. Hoja ya wanaoutetea ni hii: mapori kama Rungwa yako mbali, barabara zake ni ngumu, mbung'o ni wengi, na vichaka vya Itigi ni vinene kiasi kwamba mgeni wa kupiga picha anaweza kupita hatua chache kutoka kwa tembo asimwone. Vichaka vya aina hiyo ni adimu duniani. Vingine vinavyofanana navyo viko kaskazini mwa Zambia. Watalii wa kawaida hawaendi huko kwa wingi, na kitalu kikikosa mtu wa kukilipia, wachoma mkaa na mifugo huingia haraka. Mimi nakubali sehemu hiyo ya hoja. Nisichokikubali ni kuishia hapo. Swali la kuulizwa kila mara ni fedha ya mnyama aliyewindwa imefika wapi, na kama kijiji kinachopakana na pori kimeiona. Pale ambapo jibu halipatikani, hoja nzima inakosa miguu.

Maji ndiyo ratiba

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Unaanza karibu na Desemba, unaisha Aprili, na baada ya hapo ni vumbi hadi Novemba. Mkulima yeyote wa mtama au alizeti hapa anaweza kukueleza utalii wa kanda hii vizuri kuliko kipeperushi, kwa sababu anajua visima vinapokauka na majani yanapoota.

Kiangazi kikikolea, vidimbwi vya porini hukauka kimoja baada ya kingine, na wanyama wanasogea kwenye maji yaliyobaki. Tarangire inabaki na mto wake na kinamasi cha Silale. Kuanzia Julai hadi Oktoba makundi ya tembo, pundamilia na nyumbu hujaa humo, na mgeni anaweza kuegesha gari juu ya ukingo akatazama familia moja ya tembo ikiondoka na nyingine ikishuka. Majani ni mafupi na miti imepukutisha, kwa hiyo hata chui aliye juu ya tawi anaonekana.

Mvua ikinyesha, wale wale wanaondoka. Nyumbu na pundamilia wanaelekea nyanda za Simanjiro, nje ya hifadhi, na sababu yake inavutia sana. Ndani ya Tarangire kuna majani ya kutosha wakati wa mvua, lakini yale ya Simanjiro yana madini zaidi, hasa fosforasi, ambayo mama mwenye mimba au anayenyonyesha anaihitaji sana. Wanakwenda kuzalia huko. Kwa hiyo msafiri wa mwezi wa nne aliyerudi analalamika kwamba Tarangire haina wanyama alifika nyumbani kwa watu wakiwa wamesafiri.

Hapo ndipo mpaka wa hifadhi unapokosa kutosheleza. Hifadhi ina kilomita za mraba 2,850, lakini maisha ya wanyama wake yanahitaji ardhi ya vijiji inayoizunguka, na mashamba na makazi vimeziba njia nyingi za zamani. Njia ya Kwakuchinja, inayounganisha Tarangire na Manyara, inapita kati ya vijiji na kuvuka barabara kuu ya lami. Ukipita hapo na basi la Arusha ukaona pundamilia wakila majani karibu na mbuzi wa mtu, unatazama sehemu ya mfumo huohuo ambao wageni wanaulipia langoni.

Ruaha ina habari tofauti na ya kuumiza zaidi. Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa kutiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu yake iliyo ndani ya hifadhi. Maji yanapungua huko juu, kwenye bonde la Usangu, ambako mashamba ya mpunga yanayachukua kwenye mifereji na ambako kinamasi cha Ihefu, kinachoyahifadhi na kuyaachia polepole, kiliathiriwa na matumizi ya binadamu na mifugo. Wali wa Mbeya tunaousifu una deni kwenye mto huu. Kuiingiza Usangu ndani ya hifadhi mwaka 2008 kulikusudiwa kusaidia, ingawa kulikuja na uchungu wa wafugaji walioondolewa, na mto bado haujarudia hali yake. Kiboko na mamba hubaki wamesongamana kwenye madimbwi machache. Maji hayohayo ndiyo yanayotegemewa na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Ukifika Ruaha wakati huo, nenda kwenye mto wa mchanga kama Mwagusi ukae kimya. Juu hakuna tone. Tembo jike mkubwa anashuka, ananusa mchanga, anaanza kuchimba kwa wayo wa mguu wa mbele na kuchota mchanga kwa mkonga. Shimo likifika urefu wa mkonga wake anasimama na kusubiri. Maji yanachuruzika taratibu kutoka pembeni, na yale ya kwanza yenye mchanga mara nyingi anayatupa kando. Ndipo anaanza kunywa, kidogo kidogo, huku mtoto wake akijaribu kuingiza mkonga mfupi usiofika. Familia ikiondoka, nyani wanashuka, kisha swala pala, kisha ndege. Bila tembo, wadogo hao wasingeyafikia maji yale.

Tazama pia mibuyu, Ruaha na Tarangire zote mbili. Magome yamechunwa kuanzia chini hadi kimo cha pembe za tembo, mengine hadi shina limetoboka kabisa. Tembo hutafuna magome na nyuzi za ndani kwa ajili ya unyevu wake wakati wa ukame. Sisi tuliokulia Ugogo tunaujua mbuyu kwa ubuyu, kwa kivuli na kwa vigingi vya kupandia vilivyopigiliwa kwenye shina, na ni rahisi kuusahau kama mti wa porini. Kwenye mashimo yake, huko hifadhini na hapa mjini pia, wanaishi kasuku wadogo wenye ukosi wa njano ambao kiasili hawapatikani nchi nyingine yoyote. Mgeni anapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona ndege anayepiga kelele juu ya paa zetu.

Sisemi kwamba mvua ni msimu wa kukaa nyumbani. Novemba hadi Aprili ndege wahamaji wanakuwa wamefika, nchi ni ya kijani, watoto wa swala wamezaliwa na magari ni machache. Ila udongo mweusi ukilowa hunasa magari, barabara nyingine hufungwa, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne litakuharibia safari. Nenda ukijua unachokifuata.

Njia kutoka Dodoma

Kaskazini, barabara ya Kondoa na Babati sasa ni lami yote. Zamani kipande hicho kilikuwa adhabu. Leo ukitoka Dodoma alfajiri unaweza kuingia Tarangire mchana huohuo. Ushauri wangu ni kusimama Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ndani ya mapango hayo kuna twiga, pofu na tembo waliochorwa kwa rangi nyekundu na watu walioishi kwa kuwinda na kukusanya, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kukata tiketi ya kuwatazama. Unaandikishwa ofisini Kolo na kupewa mwongozaji. Baadhi ya mapango bado yanatumiwa na wenyeji kwa matambiko, kwa hiyo ukiambiwa usiguse au usiingie, tii. Mtoto wa shule anayeona twiga wa mwambani asubuhi na twiga hai jioni anajifunza historia ya wanyama wa nchi hii kwa namna ambayo darasani haipo.

Kusini, barabara ya Iringa inapita juu ya Bwawa la Mtera, na hapo watu wengi hununua samaki. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao ya Hifadhi ya Ruaha, ni takribani kilomita 130, na hali ya barabara hiyo uiulizie kabla ya kuondoka. Hii ndiyo safari ninayoipendelea zaidi kwa mtu wa Dodoma. Ruaha iko mahali ambapo uoto wa migunga wa Afrika Mashariki unakutana na miombo ya kusini, ndiyo maana unaweza kuwakuta tandala mkubwa na tandala mdogo, pamoja na palahala na mbwa mwitu, ndani ya hifadhi moja. Magari ni machache. Simba akionekana, huenda ukawa naye peke yako.

Mashariki, treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 imeifanya Morogoro kuwa jirani, na kutoka hapo unaweza kukodi gari hadi Mikumi. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza hifadhi hiyo kwa kilomita zipatazo 50. Kuona tembo kutoka dirishani mwa basi ni bahati nzuri, lakini hiyo si sawa na kuitembelea hifadhi. Wanyama wengi wako ndani, mbali na malori, kwenye uwanda wa Mkata.

Magharibi nitapita haraka. Singida mjini kuna maziwa ya magadi, Singidani na Kindai, na misimu mingine heroe hutua humo. Rungwa si ya kwenda kwa kushtukiza. Panga na TAWA mapema.

Sasa bei. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, na kwa kawaida ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa nje kwa dola. Malipo yanapitia namba ya udhibiti (control number), si fedha taslimu mkononi mwa mtu. Gari lenye namba za Tanzania nalo linatozwa kidogo kuliko la nje. Kinachokausha mfuko ni gari lenyewe, mafuta na mahali pa kulala. Watu sita waliogawana gari moja na kulala kwenye mabanda ya hifadhi wanaweza kwenda kwa gharama ambayo mmoja wao peke yake asingeimudu. Kwa hiyo anayekuambia hifadhi ni za Wazungu, muulize kama aliwahi kuulizia bei ya mwenyeji.

Mkiwa ndani, msitoke nje ya barabara, msishuke kwenye gari isipokuwa palipoandikwa, na msivae bluu iliyokoza wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o. Kwa tembo muwe na adabu ya ziada. Nchi hii ilihesabu takribani tembo 109,000 mwaka 2009 na takribani 43,000 mwaka 2014, na ukanda wa Ruaha na Rungwa uliumizwa vibaya na majangili. Tembo jike wa makamo unayemwona leo huenda alikuwepo ndugu zake walipouawa. Akitanua masikio, akatikisa kichwa na kurusha vumbi, zima muziki, rudi nyuma taratibu, mwachie njia.

Wanaolala jirani na tembo

Safari ya mgeni inaisha jioni. Kwa watu wa vijiji vinavyopakana na Swagaswaga, Mkungunero au Ruaha, jioni ndiyo kazi inaanza. Mtama na mahindi vikikaribia kuiva, tembo hutoka usiku, na familia inalala shambani na tochi, madebe na moto. Shamba la mwaka mzima linaweza kuisha kwa usiku mmoja. Serikali ilitunga mwaka 2011 kanuni za kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Hiyo haihesabiwi kuwa fidia. Ni mkono wa pole, na kwa wakulima wengi huwa mdogo kuliko hasara na huchelewa. Mizinga ya nyuki kwenye uzio na kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu husaidia mahali pengine, zikitunzwa, na nyuki wanaleta asali ya kuuza.

Naliandika hili kwenye makala ya safari kwa sababu msafiri ana nafasi ndani yake. Kijiji kinachopata kitu kutokana na tembo kina sababu ya kuacha njia yake wazi, na njia ikiwa wazi ndipo Tarangire inabaki na nyumbu wa kuonyesha mwezi wa nane. Kwa hiyo ukichagua pa kulala karibu na hifadhi, anza na kambi zilizo ndani ya ardhi ya jumuiya za vijiji, na umuulize mwenye kambi analipa kiasi gani kijijini kwa kila mgeni. Nunua asali ya Kondoa na samaki wa Mtera ukiwa njiani. Ukitaka mwongozaji, tafuta kijana wa hapohapo, kwa kuwa ndiye anayejua dimbwi gani bado lina maji wiki hiyo.